Ghorofa Juu ya Jiko la Baba

Bi Breki hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wake, tena kwa haki kabisa. Nusu ya maisha yake alikuwa ameitumia katika gari la mafunzo, ameketi kando ya watu wasiojua klachi ni mdudu gani, mguu wake ukiwa juu ya breki ya mwalimu. Mwanafunzi akizubaa, yeye hukandamiza na kupiga ukelele, "Breki!" hata wapita njia wasiohusika wakasimama. Mguu ule ulizoea kazi hadi nje ya gari. Mtoto akikimbia na glasi mkononi, au shemeji akikaribia kutamka neno lisilofaa mbele ya wageni, ulikandamiza sakafu wenyewe, bila kuombwa. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumwachia mwenzake usukani. Hakuolewa, na akiulizwa kwa nini, alisema wote waliokuja kuposa walikata kona vibaya. Alisema akicheka, kwa hiyo na sisi turuhusiwe kucheka.

Aliishi katika nyumba aliyozaliwa, pamoja na Mama, na mdogo wake kitinda mimba, na mume wa huyo mdogo, na watoto wao watatu. Vyumba vilikuwa viwili na sebule. Kwa nyuma, marehemu Baba alikuwa ameongeza jiko na stoo, vimeshikana na ukuta wa nyumba kubwa, vimeezekwa kwa bati. Baada ya hapo ni ua mwembamba wenye tangi la maji na kamba ya nguo, kisha ukuta wa jirani. Bi Breki alilala chumba kimoja na Mama na wapwa zake wawili. Shemeji, mtu mpole asiye na makuu, alivalia nguo za kazini bafuni, huku mtu akigonga mlango na kumhimiza. Walipendana, hilo halina ubishi, lakini walikanyagana.

Jumapili moja mchana Kaka Mkubwa alifika. Alikuwa mtu wa ofisini, wa bima, mwenye miwani na maneno yaliyopigwa pasi, na aliishi katika fleti upande wa pili wa mji. Alikaa sebuleni, akasubiri watoto watolewe nje, kisha akasema lililomleta.

"Tuuze nyumba. Mnunuzi yupo. Mdogo wetu apate pa kuanzia na familia yake, wewe Dada upange karibu na kazini kwako, na Mama aje kwangu."

Wote wakamtazama Mama. Mama alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mimi nitakwenda mtakaponipeleka," alisema.

Maneno hayo yalimkata Bi Breki maini. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona Mama akienda alikopelekwa. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumrudisha mwenye duka dukani kwake, usiku, akiwa ameshafunga, ili ampimie upya sukari. Sasa anasema kama kifurushi. Bi Breki alijua pale pale kwamba Mama akitoka katika nyumba ile hatamaliza mwaka akiwa Mama wanayemjua.

"Mama haendi popote," alisema. "Tutajenga juu."

"Juu ya nini?" Kaka akauliza.

"Juu ya jiko."

Kaka alicheka hadi akavua miwani. "Ghorofa juu ya jiko?"

"Jiko la nani?" Bi Breki akamuuliza polepole.

Hapo Kaka akairudisha miwani usoni, maana alikuwa amejifunga mwenyewe. Baba alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Zidisha. Palipotosha msumari mmoja, yeye alipiga mitatu. Kigoda alichokitengeneza kilihitaji watu wawili kukihamisha. Na kuhusu jiko lile alikuwa na msemo wake, aliourudia kila alipopata msikilizaji, kwamba msingi wake unaweza kubeba meli. Watoto walikua wakiusikia, wakauamini kama wanavyoamini kwamba maji hulowesha. Kaka mwenyewe ndiye aliyeusimulia siku ya mazishi, watu wakacheka huku wanalia.

"Haya," Kaka akasema hatimaye. "Jengeni hiyo sakafu ya juu. Siku mtakapotoa mirunda inayoishikilia, nitakuwepo. Ikishuka hata unene wa kidole, tunauza, na sitamsikiliza mtu. Isiposhuka, nitanyamaza maisha."

"Mama, umesikia?" Bi Breki akauliza.

"Nimesikia," Mama akajibu, na safari hii aliinua kichwa.

Kazi ikaanza. Akiba ya Bi Breki ikatoka benki. Fundi aliyepatikana alikuwa mashuhuri kwa kazi nzuri na kwa jina la Taratibu, kwa sababu hata kukohoa alikohoa kwa awamu. Injinia alikuwa binti mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Bi Breki, na ambaye alirudia mtihani wa kurudi nyuma mpaka mtahini akamzoea kama ndugu. Bi Breki alimpenda, lakini hakuwa amesahau vile alivyogonga pipa.

Injinia alifika, akazunguka jiko, akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mwalimu, kwanza tuchimbe hapa pembeni tuone msingi."

"Msingi wa Baba haupimwi, mwanangu."

"Kila msingi unapimwa."

"Umewahi kusikia habari za meli?" Bi Breki akaanza, na Injinia akasimuliwa kisa chote, cha msumari na cha kigoda. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema atarudi na vijana wa kuchimba. Bi Breki hakungoja. Aliona kuchimba pale ni kama kumwita marehemu mwongo mbele ya majirani. Injinia alipoondoka tu, akamwamuru Fundi Taratibu atoe bati na kuanza kupandisha tofali juu ya kuta zile zile. Fundi alijaribu kupinga, lakini upinzani wake ulichukua muda mrefu mno kutoka mdomoni, na kabla hajaufikisha mwisho alikuwa ameshakabidhiwa mwiko.

Injinia aliporudi alikuta tofali zimeshalala mistari miwili juu ya ukuta wa jiko, na Bi Breki amesimama chini akielekeza kwa mikono miwili kama anaongoza magari. Binti hakusalimia. Alijaza kifua pumzi, akapiga ukelele kwa sauti ile ile aliyofundishwa nayo:

"Breki!"

Mguu wa Bi Breki ukakandamiza udongo. Fundi akadondosha mwiko. Kitinda mimba, aliyekuwa anaanika nguo, akaangua kicheko hadi akashika kamba, na mwishowe hata Bi Breki akacheka, kwa kuwa hakuna mwalimu asiyeitambua kazi yake. "Haya, chimbeni," akasema. "Mtaiona meli."

Walichimba pembeni ya ukuta. Jembe halikwenda mbali. Fundi Taratibu, ambaye hakuwahi kufanya lolote haraka, alisimama haraka sana. Msingi wa Mzee Zidisha ulikuwa umeishia chini kidogo ya kifundo cha mguu. Chini ya tofali za mwisho palikuwa na mawe machache yaliyotupwa tupwa, kisha udongo mtupu. Ungeweza kupitisha mkono chini yake.

Injinia hakusema, "Nilikwambia," na kwa hilo Bi Breki alimshukuru baadaye. Wakati ule hakuweza kumshukuru mtu. Aliingia stoo, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akalia. Alimlilia Mama, atakayepelekwa fleti kukaa dirishani. Aliulilia ujinga wake. Zaidi ya yote alimlilia Baba kwa hasira, kama mtu aliyegundua kwamba saa aliyorithi haijawahi kusema kweli. Nani asingeumia?

Mama aliingia akiwa na mkongojo wake, akauliza kuna nini. Bi Breki akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye shimo. Mama akainama, akachungulia, akatabasamu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba hakuna msingi hapo. Nilikuwepo." Mama akatafuta tofali la kukalia, akakaa. "Ulikuwa kichanga. Tulikuwa tunapika ndani, pale sebule ilipo. Kifua chako kilikuwa kinalia kama paka aliyefungiwa kabatini. Daktari akasema ni moshi, mtoto hatapona. Baba yako hakungoja kokoto, hakungoja mtu. Alianza siku ile ile, anajenga kama mtu anayefukuzwa. Hakuwa anajenga ghorofa, mwanangu. Alikuwa anautoa moshi nje ili wewe upumue."

Bi Breki akaketi chini kando yake. "Na meli?"

"Aa, meli!" Mama akapunga mkono. "Waashi wenzake walikuja wakaucheka huo msingi. Akawajibu unabeba meli. Baadaye nadhani akaanza kuamini mwenyewe. Ndiyo maana vitu vingine vyote alizidisha. Alikuwa analipa deni la hapa."

Basi Bi Breki akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa na kicheko ndani yake. Hasira ilikwisha. Alikuwa hai, anapumua, na mapafu yale aliyokuwa akiwapigia watu kelele barabarani miaka yote yalikuwa yamelindwa na kuta hizi hizi zisizo na mguu. Zilikuwa zimefanya kazi yao. Kuzidai ghorofa ilikuwa kuzionea.

Akajifuta uso kwa mtandio, akamgeukia Injinia. "Mwanangu, nakuachia usukani. Mimi nakaa kiti cha nyuma. Niambie cha kufanya."

Injinia akasema kuta za jiko zisibebeshwe hata kilo moja. Watasimamisha nguzo mpya nje ya pembe zake, kila nguzo na msingi wake wa kwenda chini hadi kwenye udongo mgumu. Juu ya nguzo watafunga mihimili ya nondo na zege, na juu ya mihimili sakafu. Ghorofa itasimama kwa miguu yake, na jiko la Baba litakaa chini yake bila kuguswa, kama mtoto anayecheza chini ya meza. Ile mistari miwili ya tofali za ukaidi ilishushwa. Bi Breki aliishusha kwa mkono wake mwenyewe.

Ikazuka shida ya njia. Kichochoro cha kufikia ua kilikuwa chembamba, na kila dereva wa lori la kokoto alichungulia, akatikisa kichwa, akataka kumwaga mzigo barabarani. Hadi lilipokuja lori moja ambalo dereva wake alishuka, akamwona Bi Breki, akakaza mgongo kama askari.

"Mwalimu! Ni hapa kwako?"

"Ni hapa. Unaweza?"

"Ulinifundisha nini?"

Akapanda, akalirudisha lile dubwana kinyumenyume, vioo vikipita ukutani kwa nafasi ya kiganja. Bi Breki alitembea nyuma yake akipunga, bila kupiga ukelele hata mmoja, mguu wake umetulia tuli. Lori lilipofika uani bila mkwaruzo, machozi yalimtoka, naye akasingizia vumbi. Dereva akaeneza habari. Kumbe nusu ya watu wenye leseni mjini walikuwa wamepita kwenye mikono yake.

Siku ya kumwaga zege walikuja bila kuitwa mara mbili. Zege la sakafu halitaki kulazwa kiporo, likianzwa ni lazima limalizwe siku hiyo hiyo, la sivyo hubaki na mshono ambao baadaye huwa ufa. Kwa hiyo ulipangwa mstari wa watu kutoka kwenye mashine hadi juu, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Palikuwa na dereva wa gari la wagonjwa, palikuwa na mwalimu wa hesabu aliyewahi kuingiza gari la mafunzo mtaroni, palikuwa na bibi harusi wa juzi akiwa bado na hina mikononi. Shemeji mpole, asiyewahi kusikika, aligeuka jenerali: "Ndoo! Ndoo! Nani amelala hapo?" Mkewe akamtazama kama anaolewa upya. Injinia alikuwa juu akiamuru, Fundi Taratibu akisawazisha, na kwa mara ya kwanza katika historia yake alionekana akikimbia. Jua lilipoanza kulegea sakafu ilikuwa imekamilika, nyororo, inang'aa maji. Bi Breki alikuwa amechafuka saruji hadi kope.

Kisha ikawa kungoja. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni, alipanda ngazi ya mbao na ndoo, akamwagilia zege ili lisikauke kwa pupa likapasuka. Jirani akamuuliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama amefungua bustani. "Ndiyo," akajibu, "napanda vyumba."

Siku ya kutoa mirunda Kaka alifika mapema, suti na kila kitu, akakuta hata dereva wa lori ameshakuja. Chini ya sakafu mirunda ilikuwa imesimama kama msitu, imebeba mbao zilizomwagiwa zege, na Injinia alikuwa amevuta uzi kutoka nguzo hadi nguzo, chini kidogo ya mhimili. Nafasi kati ya uzi na zege ikapimwa, na kipande cha mti kikakatwa kwa kipimo hicho. Kaka akakiomba akishike yeye. Hakuna aliyemnyima, makubaliano ni makubaliano.

Mama aliletewa kiti uani, mbali. Bi Breki alisimama nyuma yake, ameshika egemeo la kiti kwa nguvu kuliko alivyodhani. Fundi Taratibu akaanza katikati, kama Injinia alivyoagiza. Akagonga kabari ya mrunda wa kwanza, ukatoka. Wa pili. Wa tatu. Safari hii hakuna aliyemlaumu kwa kukawia. Alipogonga mwingine, ukasikika mlio mkali juu, *tak!*

Mguu wa Bi Breki ukagonga ardhi. Kitinda mimba akaziba macho. Kaka, na hili wote waliliona, hakutazama juu wala hakutazama uzi. Aliruka akasimama mbele ya Mama, mikono ameitandaza.

"Ni ubao tu!" Injinia akaita. "Ubao umeachia zege. Endelea, Fundi."

Mrunda wa mwisho ukalala chini. Injinia akaangalia nguzo, mihimili, kila kona, kisha akampa Kaka ishara. Kaka akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaingia chini ya sakafu peke yake, akapachika kile kipande cha mti kati ya uzi na zege. Akahamia hatua mbele, akapachika tena. Akarudia katikati mara mbili. Bi Breki aliona mabega yake yakishuka, akadhani mambo yamekwenda mrama.

"Haijashuka," Kaka akasema. Kisha akageuka, akapaza sauti iliyowashtua hata njiwa wa jirani: "Mama! Haijashuka hata chembe!"

Ua mzima ulilipuka kwa shangwe. Vigelegele vilianzia kwa Mama, ndiyo, Mama mwenyewe, kutoka kitini, na vikapokelewa hadi mwisho wa kichochoro. Dereva wa lori alikimbilia barabarani akapiga honi mpaka akachoka. Fundi Taratibu alibebwa juu juu, akiomba ashushwe, taratibu. Bi Breki alimkumbatia Injinia akamwinua kutoka ardhini, akamwambia amemsamehe habari ya lile pipa. Kwa furaha aliyokuwa nayo angewasamehe hata wale wachumba.

Vyumba vitatu vikapanda juu ya sakafu ile, na ngazi ya zege yenye vipandio vifupi kwa ajili ya magoti ya Mama, na paa jipya. Siku ya kuhamia juu, watoto walikimbia huku na huku hadi wakapata kizunguzungu. Shemeji aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akavaa shati. Akatoka, akarudi ndani, akafunga tena, basi tu. Mama alipanda kwa kupumzika katikati ya ngazi, akakataa kushikwa. Alipofika juu alikwenda moja kwa moja dirishani, akatazama mtaa alioishi maisha yake yote na asiowahi kuuona kutoka juu.

"Kumbe bati la jirani limetoboka!" akasema kwa furaha isiyofichika. "Na alivyokuwa anajisifu."

Chumba chake kilibaki chini, kile kile, sasa kikiwa chake na Bi Breki tu. Alisema ghorofa ni ya kutembelea, yeye ni mtu wa ardhini.

Walikula juu siku hiyo, wameketi kwenye mikeka, madirisha yote wazi. Kaka alikuwa amekuja na mapazia kama zawadi, akayatundika mwenyewe, akapima ncha zake zilingane. Kisha akasimama karibu na ngazi, funguo za gari mkononi, kama mtu anayesubiri kupewa ruhusa ya kuondoka. Bi Breki akaona huo ndio wasaa wa kumkoga. Ushindi ulikuwa mtamu, na hakuna aliyemzuia.

"Haya, Kaka. Kubali sasa."

"Nimekubali. Nilisema nitanyamaza, na nimenyamaza."

Mama akageuka kutoka dirishani. "Wewe unakwenda wapi? Umekula?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kila mama. Mtu mzima yule, mwenye mvi na miwani, akaketi kwenye kipandio cha juu cha ngazi, akauficha uso.

"Hakuna anayeniuliza," alisema. "Tangu mke wangu afe, Mama. Watoto wana maisha yao. Narudi, nafungua mlango, nawasha taa mwenyewe. Hakuna anayeniuliza."

Bi Breki alihisi ushindi wake ukigeuka mdomoni. Muda wote ule aliamini kwamba Kaka anaitaka nyumba. Kaka hakutaka nyumba wala sehemu yake ya nyumba. Alikuwa anamtaka Mama, kama yeye alivyomtaka, na hakujua njia nyingine ya kumwomba isipokuwa kwa lugha ya wauzaji na wanunuzi. Bi Breki aliona haya, kisha akamwonea huruma, kisha akampenda kaka yake kuliko alivyowahi kumpenda tangu utotoni, yote kwa pumzi moja.

Mama alichukua sahani, akaijaza, akaiweka magotini pa mwanawe, akasimama hapo hapo kuhakikisha tonge la kwanza limeingia.

Bi Breki akaketi kipandio cha chini yake. Chumba cha tatu, kile kidogo kinachotazama barabara kupitia juu ya paa la nyumba kubwa, walikuwa wakikiita cha wageni, na hakijaingizwa hata kiti.

"Chumba cha mbele hakina mtu," alimwambia, huku akimchukulia funguo za gari kutoka mkononi. "Kesho nitaendesha mimi. Tutakwenda kuchukua kitanda chako."